Matairi Manne Niliyoulizwa Mara Mbili Tu

Skogheim, Minnesota
Ijumaa, wiki ya pili ya Januari

Kwa Bibi Joyce Pladsen,
Mhariri, Mjumbe wa Skogheim

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu, na umfikishie mumeo pole ya goti. Kama ukurasa wa barua wiki hii umejaa, barua hii iweke kando bila wasiwasi. Kama haujajaa, iweke kando vilevile, maana najua wapo wenye shida kubwa kuliko yangu. Lakini ukiona huna namna ila kuichapa, sitakuzuia.

Mimi ni Lowell Fossum, umri wa miaka sitini na miwili, mkazi wa barabara ya kinu cha zamani, ninayeishi na mama yangu mzazi, Ardis Fossum. Sina mazoea ya kulalamika hadharani. Katika maisha yangu nimeandika kwenye gazeti hili mara moja tu, kuwashukuru watu thelathini waliomtafuta mbwa wetu msituni kwa siku mbili, na kuwaarifu kwamba alikuwa chini ya kitanda.

Leo nimelazimika. Mji wetu umeingiwa na tabia ya kumuuliza mtu mara mbili tu na kumwacha hapo. Tabia hiyo imenikosesha matairi manne, na kwa kukosa matairi hayo mama yangu atakosa ziwa.

Naomba nieleze tangu mwanzo. Kesho ni Jumamosi ya Vibanda, siku ambayo kila mwenye kibanda cha kuvulia samaki hukifunga nyuma ya gari na kukivuta hadi katikati ya Ziwa Kvam, barafu ikishakomaa. Kibanda chetu alikijenga marehemu baba yangu, Palmer Fossum: chumba kimoja cha mbao juu ya magurudumu, jiko la kuni, viti viwili, na matundu manne sakafuni ya kushushia ndoana. Kina uzito wa karibu tani mbili, kwa sababu baba hakuamini misumari midogo.

Gari langu ni lile kubwa la kijani, ambalo injini yake husukuma magurudumu yote manne, na nguvu linazo. Taabu ni matairi. Mwezi wa kumi na mbili nilichomeka senti kichwa chini kwenye meno ya tairi, kama baba alivyonifundisha, ili kuona kama tairi litamfunika yule rais mwenye ndevu aliyechorwa kwenye senti, maana asipofunikwa kichwa tairi limekwisha. Halikumfunika. Nikajipa moyo kwamba huenda ni hilo moja tu, nikapima mengine matatu, na rais akazidi kuonekana. Kwenye tairi la nyuma kulia nilimwona mpaka tai ya shingoni. Matairi yote yalikuwa vipara.

Hata hivyo, Jumamosi iliyopita nilijaribu kukisogeza kibanda hadi karibu na ziwa, ili kazi ya kesho iwe nyepesi. Mama alikaa mbele pamoja nami akiwa na kahawa yake. Tulipofika kwenye mteremko wa kanisa nilikanyaga breki. Gari lilikubali, kibanda kilikataa. Kilitusukuma mpaka chini, kisha kikaanza kutupita kwa upande wa kulia kikiwa bado kimefungwa kwetu, na tukaishia kwenye mtaro wa kanisa, tumetazama kule tulikotoka. Mama hakumwaga hata tone. Alikisoma kibao cha kanisa, akatazama saa, akasema, "Ibada tumeiwahi kwa siku moja."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Lowell, mwaka huu nataka kukaa barafuni. Mwakani sijui."

Mama yangu, Ndugu Mhariri, si mtu wa kusema maneno ya namna hiyo. Ana miaka themanini na minane. Amekaa ndani ya kibanda kile Jumamosi ya Vibanda kwa miaka sitini na mmoja, hamsini na saba akiwa na baba, na minne akiwa na kiti cha baba. Nilishika usukani wa gari lililokuwa mtaroni kana kwamba bado tunakwenda. Kibanda kimesharudishwa uani kwa trekta, lakini kapu la ndoana la mama limekaa mlangoni tangu Jumapili, na kila ninapopita hapo nalitazama.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi nilikwenda kwenye duka la matairi. Kama ujuavyo, tangu mwezi wa kumi duka hilo limekuwa mikononi mwa Bi Rosalba Encinas, aliyetujia kutoka Arizona. Nataka ieleweke kwamba sina neno baya juu yake kama mtu. Ni fundi hasa. Hakukimbilia kuniuzia. Aliniuliza ninavuta nini, kina uzito gani, mlima gani nashuka, na kama barabara ina theluji laini au barafu tupu. Sijaulizwa maswali mengi namna ile tangu nilipopimwa afya jeshini.

Akanitolea aina tatu. Ya kwanza ni yale wanayoyaita ya misimu yote, ambayo mwenyewe aliyasukuma pembeni kwa mguu, akasema, "Haya ni ya watu wenye misimu minne. Nimekaa hapa miezi mitatu, nimeona mmoja." Ya pili ni matairi laini ya majira ya baridi, yanayong'ata barafu vizuri sana, lakini ubavu wake ni mlegevu, na ukivuta tani mbili gari linatikisika kiuno. Ya tatu ndiyo yenyewe. Ubavu mgumu wa kubeba mzigo, meno marefu, na juu ya kila jino mikato midogo midogo ya kushikia barafu. Yalikuwa manne, saizi ya gari langu, na ndiyo manne pekee dukani. Nilipitisha kidole kwenye ile mikato nikamwona mama yangu amekaa kitini barafuni.

Sasa ndipo malalamiko yangu yanapoanza. Ni matatu.

1. KUULIZWA MARA MBILI. Bi Rosalba alisema, "Haya ndiyo yako, Bwana Fossum. Nikufungie sasa hivi?"

Nikajibu kama mtu aliyelelewa, "Aa, hapana, usijisumbue."

"Hakuna usumbufu. Gari liko hapo nje, jeki iko hapa. Nifunge?"

"Hapana, hapana. Bila shaka wapo wanaoyahitaji zaidi."

Wewe na mimi, Ndugu Mhariri, tunafahamu tulipokuwa tumefika. Mtu akikukaribisha kitu mara ya kwanza, anakusalimu tu. Mara ya pili anakupima. Mara ya tatu ndiyo anakupa. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kusema, "Basi, kama huna kazi nyingine." Lakini Bi Rosalba akasema, "Sawa, bwana. Uwe na siku njema," akayarudisha matairi kwenye rafu. Nilibaki na ile pumzi kifuani.

2. KUACHWA NIMESIMAMA. Sikuondoka. Nilidhani amesahau, na angekumbuka. Nilisimama dukani dakika arobaini, nikasoma kalenda ukutani hadi mwezi wa nane, nikasoma maelekezo ya pampu, nikamsaidia mteja mmoja kubeba betri. Kila Bi Rosalba alipopita alinitabasamia. Mara moja aliniuliza kama nimepotea.

3. DUANE TVEIT. Huyu ni jirani yangu, na ana gari kama langu, alilonunua mwezi mmoja baada ya kuliona langu. Alikaa Chicago miaka kumi na mmoja na hakurudi mzima. Aliingia dukani kununua maji ya kusafishia kioo. Bi Rosalba akamuuliza kama anahitaji na matairi ya baridi, maana yapo manne ya saizi yake.

Duane akasema, "Ndiyo."

Naandika kama nilivyosikia. Alisema ndiyo, mara ya kwanza, mbele ya watu. Akayapakia yote manne nyuma ya gari, akaniambia atayafunga mwenyewe siku akipata nafasi, akanipungia mkono.

Hapa naomba niguse na suala la kipande cha mwisho. Katika ukumbi wa chini wa kanisa letu, tangu nizaliwe, sijaona mtu aliyechukua kipande cha mwisho cha keki kikiwa kizima. Anayepita hukikata nusu. Anayefuata hukata nusu ya ile nusu. Mpaka jioni inabaki chembe, na Bi Gladys wa jikoni anaifunika kwa karatasi na kuihifadhi. Huo ndio ustaarabu. Duane alipokuta matairi manne ya mwisho alipaswa kuchukua mawili. Mimi ningechukua moja. Aliyefuata angechukua nusu ya lililobaki. Najua mtasema nusu tairi haina kazi, lakini hata ile chembe ya keki haina kazi, na hakuna aliyewahi kumlaumu Bi Gladys.

4. Nilisema ni matatu, na naomba radhi, kumbe kuna la nne. Jumanne nilirudi dukani kumweleza Bi Rosalba kosa lake kwa upole.

Akasema, "Mbona hukuniambia kama unayataka?"

"Nilikwambia hapana mara mbili."

"Ndiyo. Na mimi nikasikia hapana mara mbili."

"Sasa huoni?"

"Sioni nini, bwana wangu? Kwetu mtu akisema hapana, tunamwacha aende zake na amani yake."

Alisikitika kweli, hilo nalishuhudia. Akachukua simu, akasema anaweza kuagiza mengine, yatafika baada ya wiki tatu, na kama kuna lori linalopita upande huu huenda yakawahi zaidi. "Niagize?"

"Usijisumbue."

"Ni simu moja tu."

"Hapana, huko nako wana kazi nyingi."

Akaweka simu chini.

Najua kuna wasomaji watakaouliza kwa nini sikusema ndiyo na mambo yakaisha. Nilijaribu. Nilitoka nje, nikakaa ndani ya gari, nikalifanyia mazoezi lile neno mbele ya kioo. Lilitoka vizuri, hata mara tano mfululizo. Nikarudi ndani. Bi Rosalba akaniuliza kama nataka kahawa, nikasema hapana.

Nilipofika nyumbani mama aliniuliza nilikataa mara ngapi. Nikasema mbili. Akasema, "Vizuri." Kisha akageukia dirishani, akakitazama kibanda kilichokaa uani, akaanza kumenya viazi ambavyo hatukuvihitaji.

5. Na la tano, maana nimeshaanza. Kwenye ubavu wa tairi zuri la baridi kuna alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Bi Rosalba mwenyewe alinionyesha, akasema tairi lisilo na alama hiyo nisiliguse. Nimeuchunguza mlima huo. Una vilele vitatu. Si kimoja, wala viwili. Waliotengeneza tairi walijua. Anayeliuza ndiye hakujua, na nashangaa mtu anawezaje kuuza bidhaa asiyoisoma.

Hata majira ya baridi yenyewe yana adabu. Theluji ya mwezi wa kumi inakuja na kuyeyuka, hiyo ni salamu. Ya mwezi wa kumi na moja inatupima. Ya mwezi wa kumi na mbili ndiyo inayokaa. Kama mawingu yanaweza, nashindwa kuelewa kwa nini duka lishindwe.

Kwa hiyo naliomba Baraza la Mji, kupitia gazeti lako, litunge sheria. Nimeona nilisaidie kuianza.

Kwanza, kila mwenye duka amuulize mteja mara tatu, na kati ya ombi la pili na la tatu apumzike kidogo ili mteja asionekane ana tamaa. Pili, wageni wote wanaohamia Skogheim wapewe mafunzo ya jioni tatu katika ukumbi wa chini wa kanisa, pamoja na kahawa na keki, na atakayechukua kipande cha mwisho kizima arudie darasa. Tatu, kibao cha kuingilia mjini kiseme KARIBU, baada ya hatua mia moja kingine kiseme KARIBU TAFADHALI, na baada ya hatua mia nyingine KARIBU BASI, ili mgeni aingie akiwa ameshaelewa.

Nne, sheria ihusu zimamoto pia. Mtakumbuka ghala la Harlan Mickelson lilipowaka. Mkuu wa zimamoto, ambaye ni kijana wa hapahapa, alimwendea akasema, "Harlan, tukumwagie maji kidogo?" Harlan akasema msijisumbue, limeshakuwa kuukuu. Akaulizwa tena, akasema pengine kuna moto mkubwa kuliko huu mahali pengine. Alipokubali, paa lilikuwa limeshakwenda. Lakini niambieni, kuna aliyelalamika? Tulisimama pale tukiwa na bakuli za viazi vya kuokwa tulizomletea, na kila mtu alisema wote wawili wamefanya jambo kwa heshima. Nataka heshima hiyo iandikwe kisheria. Tano, iwahusu madaktari. Sita, iwahusu polisi, ambao mara nyingi humsimamisha mtu kwa ombi moja tu. Na kama itawezekana, gavana wa jimbo naye aapishwe tu baada ya kuukataa ugavana mara mbili, jambo ambalo naamini litatupunguzia wagombea.

Mkitaka ushahidi kwamba mara ya tatu ndiyo inayojenga dunia, nitautoa nyumbani kwangu. Mwaka alipotimiza miaka ishirini, mama yangu alikwenda kwenye dansi katika ukumbi wa wakulima. Palmer Fossum akamwendea, akamuomba wacheze. Mama akasema hapana, asante. Wimbo ukaisha. Palmer akarudi akiwa ameshika kofia mkononi, akaomba tena. Mama akasema viatu vinambana. Palmer akazunguka ukumbi mzima, akarudi mara ya tatu, na mara hiyo mama akasema, "Haya basi, kama huna mwingine." Walikaa pamoja tangu jioni ile mpaka nilipomzika baba miaka minne iliyopita.

Hadithi hii nimesimuliwa tangu nikiwa mtoto, kila nilipopokea pipi kwa ombi la kwanza. Mama aliisimulia huku amenishika sikio. Kama baba angeuliza mara mbili tu, na akasema sawa, uwe na siku njema, mimi nisingekuwepo kuandika barua hii, wala wewe usingekuwa na shida ya kuisoma.

Kesho vibanda vyote vitashuka mteremko wa kanisa, na chetu kitabaki uani. Mama hajaliondoa kapu mlangoni. Jana nilimkuta amevaa buti zake za manyoya anatembea jikoni, nikamuuliza anafanya nini, akasema anazizoesha. Sijui niwaambie nini zaidi. Inaniuma.

Nisalimie wote ofisini kwako, pamoja na yule binti wa matangazo aliyetukosea jina la mbwa, hatuna kinyongo. Nisalimie Mchungaji na umwambie mtaro nimeushindilia udongo, ingawa umeganda. Nisalimie Bi Gladys. Msalimie Bi Rosalba, kwa dhati kabisa, na umwambie kwamba tukikutana nitasema sitaki mara mbili, na baada ya hapo mpira uko kwake. Duane Tveit anakaa jirani, nitamsalimia mwenyewe nikimwona.

Kwa heshima, na bila kutaka kuwasumbua,

Lowell P. Fossum

N.B. Ndugu Mhariri, leo ni Jumamosi, saa sita mchana. Naandika nyongeza hii juu ya usukani. Naomba usiichape barua hii, nami nitaeleza sababu.

Jana alasiri nilikuwa natafuta stempu ya bahasha wakati Duane alipoingia kurudisha keekee yetu ya kutobolea barafu, aliyoiazima mwaka juzi. Mama akamkaribisha kahawa. Duane akakataa mara mbili, nikashangaa, kumbe bado kuna kitu kimebaki ndani yake. Alipokunywa akakiona kibanda uani, akauliza kama kesho hatushuki. Nikasema matairi hayaruhusu. Akaona haya kidogo, akasema maneno ambayo mtu yeyote wa mji huu angeyasema na ambayo hakuna mtu wa mji huu aliyewahi kuyachukulia kwa uzito: "Aisee, ningejua mnayahitaji ningewaachia. Hata sasa yako ghalani sijayafunga. Mkiyataka, chukueni tu."

Mimi nikafungua mdomo kusema hapana.

Mama akasema, "Asante, Duane. Lowell anakuja nayo sasa hivi."

Kikombe cha Duane kilisimama katikati ya meza na mdomo. Alinitazama mimi, nami nilimtazama mama, na mama alikuwa anafunga vifungo vya koti. Duane akasema, "Nilimaanisha, kama mngekuwa..." na mama akasema, "Tumekuwa." Saa moja baadaye Bi Rosalba alikuwa chini ya gari langu anakaza nati na kuimba kwa lugha ya kwao. Duane tumemrudishia fedha zake zote, hilo lisikupe shida, na Bi Rosalba alimuuliza kama amwagizie mengine. Duane alikuwa bado amepigwa butwaa, akasema asijisumbue. Nilimvuta Bi Rosalba pembeni nikamwambia amuulize mara mbili zaidi.

Njiani nilimwambia mama kwamba nimeona aibu. Yeye aliyenishika sikio miaka yote ile, kwa ajili ya pipi moja, amekubali matairi manne kwa ombi moja. Na hadithi ya dansi je? Na baba na kofia yake?

Akasema, "Baba yako aliniuliza mara moja."

Nikapunguza mwendo.

"Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Nyuma yake alikuwa amesimama Orrin Tveit na nywele zake za mafuta. Ningesema hapana mara mbili, leo ungekuwa Duane."

Nikamuuliza kwa nini basi alinidanganya miaka sitini. Akasema hakunidanganya, alikuwa ananifundisha adabu. Adabu ni ya keki na kahawa, akasema, na alidhani mwenye akili angeona tofauti bila kuelezwa. Halafu akasema ana miaka themanini na minane na hana nafasi ya kuulizwa mara tatu.

Asubuhi hii tumeshuka mteremko wa kanisa kama tunateremka ngazi za nyumbani. Kibanda kilifuata nyuma, mahali pake. Sasa kipo katikati ya ziwa, moshi unatoka, na mama yuko ndani na kapu lake. Ameshavua mmoja, mkubwa kiasi, nimeusikia mkia wake ukipiga sakafu. Nilikuwa nimebaki humu garini ili nimalizie barua kwa utulivu.

Amefungua mlango sasa hivi. Anasema niingie, nikae kwenye kiti cha baba, samaki wanakula.

Ameniita mara moja. Naishia hapa, naenda.